Kompyuta zetu hazijazeeka, zimebebeshwa mizigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika maduka ya kompyuta ya Kariakoo, katika ofisi za katikati ya jiji na katika steshenari za jirani na vyuo vyetu, ila linazungumzwa nusunusu. Tangu Microsoft ilipofikisha ukomo wa msaada wake kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za miaka ya nyuma wamekuwa wakipewa ushauri wa aina mbili: wanunue mashine mpya inayokubali Windows 11, au wahamie kwenye Linux, mfumo endeshi huria, yaani programu kuu ya kuendesha kompyuta ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma na kuibadilisha. Ushauri huu wa pili ni mzuri, na mimi mwenyewe huutoa. Tatizo ni kwamba hutolewa bila kumweleza mtu ni Linux ya namna gani. Mwenye kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2 au 4 huwekewa mfumo uleule unaosifiwa kwenye mashine za kisasa, huiona kompyuta yake ikikokota kama ilivyokuwa ikikokota, kisha huamua moja kati ya mawili: ama programu huria zinapotezea watu muda, ama kompyuta yake imechoka na sasa ni ya kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ninachotaka kusema ni kwamba mfumo endeshi huria una thamani kwetu hasa kwa sababu mwenye mashine anaruhusiwa, na anaweza, kuuondolea kila asichokihitaji. Na kwamba uwezo huo unapungua mwaka hadi mwaka kadiri vipande vya mifumo hiyo vinavyozidi kufungwa pamoja. Sisi tunaotumia kompyuta za mtumba na intaneti ya bando tuna sababu kubwa kuliko wengi ya kuutetea uwezo huo, na namna ya kwanza ya kuutetea ni kuutumia.

Tuitazame mashine yenyewe. Chukua kompyuta ya mezani ya ofisi, ya zile zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya na kupangwa dukani kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, yenye prosesa ya viini viwili, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Iwekee Ubuntu ya kawaida, mojawapo ya aina za Linux, yenye eneokazi (sura ya madirisha na vitufe) la GNOME, iwashe, subiri itulie, kisha fungua dirisha la amri na uandike free -m, amri inayoonyesha RAM iliyotumika. Utaona kwamba zaidi ya gigabaiti moja imekwishatumika na hujafungua hata barua moja. Ukiomba orodha ya vinavyoendelea humo ndani, utakuta huduma, yaani programu zinazoendelea nyuma ya pazia: moja inayosubiri modemu ambayo haipo, huduma inayotafuta printa kwenye mtandao wa ndani, nyingine inayopitia mafaili yote ili kuandaa faharasa ya kutafutia, nyingine inayosubiri programu iharibike ili itume taarifa, na nyingine inayouliza kila mara kama kuna masasisho. Kila moja ina sababu yake, na kwa mtu fulani mahali fulani ina faida. Sasa fungua kivinjari, ukurasa wa barua pepe, fomu moja ya kujaza mtandaoni na waraka mmoja wa kuchapisha. RAM inakwisha, mfumo unaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, taa ndogo ya diski inawaka bila kuzima, mshale wa kipanya unaruka badala ya kuteleza, na mwanafunzi aliyekuja steshenari kuchapisha kurasa chache anasimama pale akitazama saa.

Mashine hiyohiyo, bila kuongezewa kifaa chochote, ukiiwekea Debian, aina nyingine ya Linux, isiyo na eneokazi, halafu ukaongeza eneokazi jepesi la Xfce au LXQt kwa mkono wako, kivinjari kimoja, programu ya ofisi ya LibreOffice na kiendeshi (programu ya kukiwezesha kifaa kufanya kazi) cha printa, itaanza kazi ikiwa imetumia sehemu tu ya kiasi kile, na kazi zilezile zitafanyika. Sisemi kwamba inageuka kuwa mpya. Kurasa za wavuti zenyewe zimenenepa, na hakuna mfumo endeshi unaoweza kuzipunguza. Hata hivyo nafasi inayopatikana inatosha kumwezesha mtu afanye kazi siku nzima bila kugombana na kompyuta yake. Mpangaji hakubali kulipia LUKU ya chumba asichokaa, nami sioni kwa nini mwenye kompyuta akubali kulipa kwa RAM yake huduma ambazo hazitumii.

Mjadala huu ni wa zamani kuliko Linux yenyewe. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, juu ya mashine ya PDP-7 ambayo kumbukumbu yake yote isingetosha kuhifadhi picha moja inayopigwa na simu ya leo. Udogo huo wa mashine uliwalazimisha kufikiri vizuri. Mwenzao Doug McIlroy aliuweka msimamo wao katika maneno machache: kila programu ifanye kazi moja na iifanye vyema, na programu ziweze kupokezana kazi. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika makala ya kuwasihi wenzake warudi kwenye wepesi, akionya kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi inayopita kasi ya mashine kuboreka. Hakuishia kwenye kulalamika. Yeye na mwenzake Jürg Gutknecht walikuwa wamekwishatengeneza mfumo mzima wa Oberon, mdogo kiasi cha mtu mmoja kuweza kuusoma wote na kuuelewa. Mwaka huohuo Windows 95 ilitoka ikidai RAM isiyopungua megabaiti 4. Windows 11, iliyotoka 2021, inadai gigabaiti 4, yaani takriban mara elfu moja zaidi. Sehemu ya ongezeko hilo imetupa mambo ya maana: video, herufi za lugha zote, ulinzi bora. Sehemu nyingine imetokana tu na kwamba RAM ilikuwepo na hakuna aliyeulizwa kwa nini ameitumia.

Upande wa mifumo huria haukunusurika. Linus Torvalds alipotoa toleo la kwanza la kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayounganisha programu na vifaa, mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, lilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo 10,000. Leo kiini hicho kimepita mistari milioni 30. Torvalds mwenyewe, akizungumza katika mkutano uliofanyika Portland nchini Marekani mwaka 2009, alikiri hadharani kwamba Linux imekuwa kubwa na imenenepa, na kwamba hilo ni tatizo. Hapa lakini yafaa tutende haki, kwa sababu wapo wanaoitaja idadi hiyo ya mistari kana kwamba yote inapakiwa kwenye RAM ya kila mtu. Sehemu kubwa ya mistari hiyo ni viendeshi vya vifaa, na mashine yako hupakia vile tu vinavyolingana na vifaa vyake. Ni kwa sababu ya wingi huo wa viendeshi kwamba kompyuta ya mtumba ya kampuni yoyote, yenye kadi ya mtandao ya ajabu kiasi gani, mara nyingi huamka na kufanya kazi bila mtu kuhangaika kutafuta CD ya viendeshi. Uzito wa kiini humwelemea zaidi anayekitunza na kukikagua. Uzito unaotuumiza sisi uko juu yake, katika vile vinavyorundikwa kati ya kiini na mtumiaji.

Sababu za mrundikano huo zinajulikana, na si zote ni za uzembe. Debian, kwa mfano, hupangwa ili unapoomba programu moja upewe na nyingine ambazo watunzaji wake wanazipendekeza, ingawa programu uliyoomba ingeweza kufanya kazi bila hizo. Mpangilio huo unaweza kuzimwa kwa neno moja katika amri, --no-install-recommends, lakini ni nani anayefundishwa neno hilo? Kisha kuna mtindo wa kuifunga kila programu pamoja na maktaba zake nyingi za msimbo, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi zingeweza kuvitumia kwa pamoja, kama zinavyofanya Snap na Flatpak, na mtindo wa kutengeneza programu ndogo ya kuandikiana ujumbe kwa kuiwekea kivinjari kizima tumboni, kama ifanyavyo Electron. Mtengenezaji anapata nafuu ya kweli: anajaribu programu yake mara moja na ana hakika itafanya kazi kila mahali. Nafuu hiyo hulipwa na mtumiaji, kwa diski, kwa RAM na kwa bando. Mtengenezaji mwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 32 na intaneti isiyokatika hauoni mzigo huo, na sina sababu ya kumdhania nia mbaya. Ndiyo maana ni lazima sisi tunaouona tuuseme.

Ubuntu inaeleza vizuri safari hiyo. Ilipoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, mfumo wote ulitosha kwenye CD moja ya megabaiti 700, na hadi mwaka 2011 ungeweza kuiomba ukaletewa bure kwa posta. Toleo lake la eneokazi la mwaka 2024 linapita gigabaiti 5 kulipakua. Kwa mtu wa Mbagala anayenunua bando la wiki, hiyo ni wiki nzima ya intaneti kabla hajafungua kitu. Wakati huohuo, Debian inatoa faili la kusakinishia lisilofika gigabaiti moja, na linalobaki unalichota kadiri unavyohitaji. Tiny Core inakupa mfumo wenye madirisha na kipanya kwa chini ya megabaiti 25. Na Alpine, inayoendesha seva nyingi duniani, ina kifurushi cha msingi cha kuendeshea programu moja kwenye seva (mafundi hukiita kontena) cha takriban megabaiti 5. Hao wote ni ndugu wa ukoo mmoja wa Linux. Tofauti yao ni maamuzi ya watu.

Wapo watakaosema kwamba RAM ni bei nafuu, kwa hiyo uzito si jambo la kusumbuliwa nalo. Pamoja na kwamba bei hiyo si nafuu kwa kila mfuko, kuna hatari kubwa kuliko bei, na tukio la Machi 2024 liliionyesha waziwazi. Kuna programu ya kubana mafaili iitwayo XZ, iliyokuwa ikitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Mtu aliyejiita Jia Tan alijisogeza karibu naye, akasaidia kwa subira kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo, kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri. Shabaha ilikuwa SSH, programu ambayo mafundi duniani kote huitumia kuingia kwenye seva kutoka mbali. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, ambaye alishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakuridhika, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu alichokiona. Matoleo yale yalikuwa yamefika zaidi kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo kama Debian na Fedora na kwenye mifumo michache inayosasishwa mfululizo, na hayakuwa yameenea kwenye seva za kawaida.

Nalieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wengi walilipita haraka. SSH inayotumika sana, OpenSSH, kama inavyoandikwa na watunzaji wake wa OpenBSD, mfumo endeshi huria mwingine usio Linux, haiitumii kabisa maktaba ya XZ. Uhusiano ule uliletwa na wasambazaji wa mifumo ya Linux, waliotaka SSH iiarifu systemd, yaani programu inayosimamia huduma zote, kwamba imekwisha kuamka. Ili kutuma taarifa hiyo fupi, waliiunganisha SSH na maktaba ya systemd. Maktaba ya systemd ilikuwa na mambo yake mengine, mojawapo likiwa kubana kumbukumbu za matukio, na hivyo ikaja na XZ. Taarifa ile ingeweza kutumwa kwa mistari michache ya msimbo bila maktaba yoyote. Kwa hiyo programu nyeti kuliko zote kwenye seva ilijikuta ikimbeba mgeni ambaye haikumhitaji, na ni kwa mgongo wa mgeni huyo mvamizi alikusudia kuingia. Mfumo ambao haukuwa na uunganisho ule, ikiwemo OpenBSD yenyewe na Alpine, haukuwa na njia ya kushambuliwa kwa namna hiyo. Baada ya tukio, watunzaji wa systemd waliendelea na kazi ya kuzifanya maktaba hizo zipakiwe pale tu zinapohitajika, hatua ninayoipongeza.

Miaka kumi kabla ya hapo, Aprili 2014, dosari ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti, ilitokana na kipengele cha pembeni ambacho tovuti nyingi hazikukihitaji. Watu wa OpenBSD, mradi ulioanzishwa na Theo de Raadt nchini Kanada mwaka 1995, walichukua msimbo ule wakauita LibreSSL, na katika wiki ya kwanza wakafuta mistari ipatayo 90,000, mingi ikiwa ya kuhudumia mifumo ambayo haikuwa na watumiaji tena. Hakuna aliyelia kwamba amepungukiwa. Kazi ya kufuta haina sifa wala haivutii wafadhili, na ninaamini ni miongoni mwa kazi za heshima kubwa ambazo mtengenezaji wa programu anaweza kuifanyia jamii.

Baada ya kusema hayo, sitaki nieleweke kwamba kila kilicho kidogo ni chema. Upo wepesi wa majivuno. Programu ya dwm, inayopanga madirisha kwenye skrini, ilijiwekea kikomo cha mistari 2,000 ya msimbo, na ili kubadilisha rangi au kitufe ni lazima uhariri msimbo wa lugha ya C na kuijenga upya. Kwa anayejua ni raha. Kwa karani wa shule ni mlango uliofungwa. Kipo pia kisomaskrini cha Orca, kinachomwezesha asiyeona kutumia kompyuta kwa kusikia. Mtu mwenye macho anayeorodhesha vya kufuta anaweza kukiona mzigo, na akikosea hapo amemtoa mtu mwingine nje kabisa. Printa nayo, katika jiji hili ambamo kila ombi bado hutakiwa kwenye karatasi, ni hitaji la lazima, na mfumo mwepesi usiochapisha hauna kazi steshenari.

Kiswahili chenyewe ni mfano ninaoujali zaidi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kazi ambayo iliwezekana kwa kuwa msimbo wa OpenOffice ulikuwa huria na hapakuwa na haja ya kumpigia magoti mwenye kampuni. Mafaili ya tafsiri huongeza uzito kwenye diski. Wapo wapenda wepesi ambao jambo la kwanza wanalofanya ni kufuta lugha zote isipokuwa Kiingereza, na mfumo kama Alpine, kwa kutumia maktaba ndogo ya musl, hauzihudumii lugha na desturi za nchi kwa ukamilifu kama mifumo mikubwa inavyofanya. Mimi ningefuta huduma ya modemu isiyokuwepo mara mia kabla sijagusa Kiswahili. Kipimo kinachofaa ni anayetumia mashine ile na kazi anayoifanya, na kipimo hicho hakiwezi kushikwa na mtu aliye Ulaya au Marekani kwa niaba ya darasa la Temeke.

Ndiyo maana mgogoro wa systemd ulinigusa, ingawa wengi waliuona kuwa ugomvi wa mafundi. Lennart Poettering na wenzake waliianzisha mwaka 2010 ili kutatua matatizo ya kweli: kompyuta kuchelewa kuwaka, na huduma kuanzishwa kwa hati za amri za zamani zisizotabirika. Kwa msimamizi wa seva nyingi, systemd imerahisisha kazi, na asiyekubali hilo hasemi ukweli. Lakini haikuishia kuanzisha huduma; ilichukua kumbukumbu za matukio, kuingia kwa watumiaji, majina ya mtandao, saa na mengine mengi, hadi programu nyingine zikaanza kuitegemea. Debian ilipoamua kuifanya chaguo la msingi mwaka 2014, baadhi ya wachangiaji walijitenga wakaanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya wingi wa vipande vya systemd ni ugumu wa kukitoa kimoja na kubaki na vingine. Pale msimbo unapokuwa huria kwenye karatasi lakini hakuna anayeweza kuondoa sehemu bila kubomoa nyumba nzima, leseni huria imebaki na faida ya kusoma tu. Simu zetu zimekwishafika huko: Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na bado simu nyingi za bei ya chini huja zimejaa programu ambazo mwenye simu hawezi kuzitoa, huku akiambiwa kila siku kwamba nafasi imejaa. Google yenyewe ililazimika mwaka 2017 kutoa Android Go, toleo la simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu, na hiyo naihesabu kuwa kukiri.

Sasa niseme na wanaohusika. Walimu na wasimamizi wa maabara za TEHAMA, naomba msikubali maabara iwekwe mfumo kwa mazoea ya fundi. Mwambieni fundi aonyeshe mashine inatumia RAM kiasi gani ikiwa imetulia, kabla hamjamlipa. Kompyuta moja ya maabara, hata iliyo dhaifu, inaweza kuwekewa programu ya apt-cacher-ng ili ipakue masasisho mara moja na kuzigawia nyingine zote kupitia waya wa ndani. Shule inayolipa bando kwa kila mashine kusasishwa peke yake inachoma fedha za wazazi. Wafundisheni wanafunzi kusoma orodha ya huduma zinazoendelea na kueleza kila moja inafanya nini. Kijana anayeweza kuisoma orodha hiyo ameelewa kompyuta kuliko aliyekariri mahali pa kubofya.

Ofisi zinazotangaza zabuni za mifumo ya wateja na wanafunzi ziandike ndani ya masharti kwamba mfumo ujaribiwe kwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 4 na simu ya bei ya chini, kwa intaneti ya kawaida ya mtaani, na matokeo yaambatanishwe. Zinaandika masharti ya rangi na nembo; hili si gumu zaidi. Vijana wetu wanaotengeneza programu, wakiwemo wanaokutana katika vituo vya ubunifu kama Buni pale COSTECH, Kijitonyama, nao waweke mashine moja kuukuu mezani na kuipa kura katika kila uamuzi. Mtengenezaji wa Dar es Salaam hana udhuru wa mwenzake wa ughaibuni, kwa kuwa mtumiaji wake anaishi naye mtaa mmoja.

Na kuna la haraka. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye kompyuta za kawaida za biti 32 (aina ya prosesa ya zamani iliyotangulia ile ya biti 64), na Ubuntu iliacha kutoa toleo la kusakinisha kwenye mashine hizo miaka kadhaa iliyopita. Alpine na Tiny Core bado zinazihudumia. Baadhi ya kompyuta zinazodhaniwa kuwa za biti 32 ni za biti 64 zilizowekewa mfumo wa biti 32, kwa hiyo shule au ofisi yoyote inayojiandaa kuondoa kompyuta zake iwashe kila moja kwa flashi yenye Linux nyepesi ya biti 32, ambayo huwaka kwenye mashine za aina zote mbili, iandike lscpu kwenye dirisha la amri, na isome mstari unaotaja aina za uendeshaji ambazo prosesa inazikubali. Pakiandikwa 64-bit, mashine hiyo ina nafasi katika Debian mpya, na isitolewe nje kabla mtu mwenye ujuzi hajaitazama.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kompyuta,
Mabibo, Dar es Salaam